Neno la kocha wa kujitolea kwa mtoto aliyepoteza kujiamini

Mzazi wa Mbagala: Ndugu zangu, binti yangu wa miaka 10 anacheza mpira wa miguu katika timu ya mtaani inayofundishwa na kijana wa kujitolea. Tangu alipokosa penalti mbele ya wenzake, anajificha nyuma ya mabeki na haombi pasi. Je, kocha asiye na malipo wala cheti anaweza kweli kumrudishia kujiamini?

Mwalimu wa Michezo: Anaweza, ilimradi ajue anachokisifia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck waligundua kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao walikata tamaa upesi baada ya kushindwa, ilhali waliosifiwa kwa juhudi waliendelea kujaribu. Ndiyo maana "umerudi haraka kukaba ulipopoteza mpira" humjenga mtoto kuliko "una kipaji", kwani siku atakapokosea atakitilia shaka kipaji hicho hicho.

Mkazi wa Eldoret: Kuhusu cheti, usihofu. Mtawa kutoka Ireland, Colm O'Connell, alifika Iten, Kenya, mwaka 1976 kufundisha jiografia, bila mafunzo ya riadha, na baadaye akamlea mkimbiaji David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 mjini London mwaka 2012. Zungumza na kijana huyo faraghani, umwombe ampe binti yako penalti nyingine mazoezini, nawe ukiwa pembeni mwa uwanja umwachie kocha maelekezo yote.

Mzazi wa Mbagala: Nashukuruni sana. Nitamwona kabla ya mazoezi ya Jumamosi.