Ada yetu ya michezo iko wapi? Tumechoka kugeuzwa jukwaa la watia nia

Wanajamvi, salaam.

Ninaandika uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha, kwa sababu njia ya upole nimeijaribu kwa miezi mingi na haikunifikisha popote. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Mbeya, ambacho sitakitaja jina. Ni mpenzi wa mpira tangu baba aliponishika mkono kuniingiza Uwanja wa Sokoine msimu ule wa 2013/14, Mbeya City ilipocheza Ligi Kuu kwa mara ya kwanza na kumaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga. Jambo langu ni moja. Kila mwaka tunalipishwa ada ya michezo, fedha hiyo haionekani kwenye michezo, na pengo inaloliacha linajazwa na wanasiasa wanaokuja kutununua kwa jezi.

Stakabadhi zangu zote tatu ninazo. Katika mchanganuo wa malipo ya kila mwaka, baada ya ada ya mafunzo, kitambulisho na mitihani, upo mstari unaosomeka "michezo", na mbele yake shilingi 10,000. Anayesema kwamba hiyo ni fedha ndogo hajawahi kuishi kwa fedha ya kujikimu. Boom, yaani hiyo fedha ya kujikimu, ni shilingi 10,000 kwa siku kwa yule aliyebahatika kupata mkopo, na humo humo umo ugali wa mchana, kodi ya geto, nauli ya bajaji, kopi za vitini na vocha. Wapo wenzetu ambao hawakupata mkopo kabisa, na ninamfahamu mmoja ambaye mama yake huuza viazi pale Isyonje ili mtoto asajiliwe kabla ya mitihani. Kwa mama yule, shilingi 10,000 ya michezo ni viazi alivyovilima, akavivuna na kuvibeba. Tukihesabu wanafunzi 3,000 tu, na sisi tumezidi hapo, inakusanywa milioni 30 kila mwaka kwa jina la michezo.

Sasa niwaeleze kilichopo uwanjani. Kuna nguzo mbili za goli za miti upande wa juu na mbili za bomba upande wa chini, na zile za bomba zimepinda. Nyavu hazijawahi kuwapo tangu nifike. Masika nusu ya uwanja hugeuka tope jekundu, na kiangazi, upepo wa Juni na Julai unapovuma kutoka milimani, hugeuka vumbi ambalo kipa hawezi kufumbua macho. Mkabala wa boksi la penalti la upande wa chini kuna shimo. Shimo hilo sisi wenyewe tumelijaza mchanga kwa koleo la kuazima mara nne kwa hesabu yangu, na mvua imelifumua mara zote nne. Sanduku la huduma ya kwanza halipo. Timu ya kila kitivo inajinunulia jezi kwa kuchangishana shilingi 5,000 kila mchezaji, na mpira tunaofanyia mazoezi ni wa mlinzi wa zamu ya usiku, ambaye anatuazima kwa hisani yake.

Mwaka jana, Juni 2025, tulitangaziwa kwamba kombe la vitivo limepata mdhamini. Hakuna aliyetuuliza, tuliitwa tu na viongozi wa serikali ya wanafunzi na kukabidhiwa ratiba. Mdhamini alikuwa mtia nia wa ubunge. Sitamtaja jina wala chama, kwa sababu nina hakika kwamba katika mwaka ule wa uchaguzi watu wa namna yake walipita katika vyuo vingi na katika vyama zaidi ya kimoja. Alileta jezi zilizochapwa picha yake kifuani na jina lake mgongoni kwa herufi kubwa, na namba ya mchezaji ikawekwa chini kabisa kwa udogo ambao mwamuzi alishindwa kuisoma. Tuliambiwa kwamba timu isiyovaa jezi hizo haitacheza. Jezi zetu, tulizozinunua kwa kujinyima, zikabaki kwenye mfuko wa rambo chini ya mti.

Fainali ilipangwa kuanza saa tisa alasiri. Ilipofika saa tisa timu zote mbili zilikuwa zimepasha misuli, waamuzi wapo, watu wamejaa pembeni. Tukaambiwa mgeni rasmi yuko njiani. Saa kumi ikafika, bado yuko njiani. Anayeijua baridi ya Mbeya ya mwezi Juni anaelewa maana ya kusimama na bukta kwa saa nzima baada ya jasho kukauka mwilini. Alifika saa kumi na moja kasoro robo na magari matatu. Akapokelewa, akakagua timu, akapewa kipaza sauti, akazungumza dakika 40 kuhusu ajira, barabara, mbolea ya ruzuku na namna anavyowapenda vijana. Juu ya mpira alisema sentensi mbili: kwamba ameleta mipira minne, na kwamba akipata ridhaa uwanja huu utapandwa nyasi. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, na makofi yale yananichoma hadi leo.

Kipenga kililia saa kumi na moja na nusu. Muda wa kila kipindi ukapunguzwa hadi dakika 30 ili mgeni asichelewe safari yake, na kipindi cha pili kikachezwa katika giza ambalo mtu wa mwisho wa uwanja alionekana kama kivuli. Mgeni mwenyewe alikwisha kuondoka wakati wa mapumziko, baada ya kupiga picha na kombe ambalo lilikuwa halijapata mshindi. Dakika za mwisho beki wetu wa kushoto, kijana mtulivu ambaye sijawahi kumsikia akimtukana mtu uwanjani, alirudi kuokoa mpira uliopigwa nyuma yake, akakanyaga ndani ya shimo lile nililolieleza, na sisi tuliokuwa karibu tukasikia mfupa.

Hapakuwa na machela, tulimbeba kwa mlango wa zamani wa bweni. Hapakuwa na gari, tulisimamisha bajaji na kumlaza nyuma huku mwenzetu mmoja akiushikilia mguu kwa mikono miwili hadi hospitalini. Pale mapokezi tukaambiwa kadi yake ya bima haijatoka, ingawa alikwisha kulipia kupitia chuo tangu Novemba, na tukachangishana usiku ule ule kutoka katika fedha ya chakula. Mguu ulifungwa plasta ngumu kuanzia kwenye paja. Mitihani ya Julai aliifanya kwa magongo, akipanda ngazi hadi ghorofa ya pili kwa sababu chumba cha mtihani hakikubadilishwa, na akapata sapu (mitihani ya marudio) mbili katika masomo ambayo mwaka mzima alikuwa akitufundisha sisi wengine. Nyasi hazikupandwa. Mtia nia hakuvuka kura za maoni, na tangu siku ile ya Juni hajakanyaga tena chuoni kwetu. Yeye simlaumu sana, kwa sababu alikuja kutafuta kura na hakulificha lengo lake. Ninaowalaumu ni waliomfungulia geti na kumpa watoto wa watu wawe mabango yake, ilhali fedha ya kununua jezi na mipira tulikuwa tumekwisha kuilipa.

Nilipoanza kuuliza, nilijibiwa kwa sentensi ambayo kila mpenzi wa mpira wa nchi hii ameisikia: usichanganye siasa na michezo. Aliyeniambia alikuwa waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi, ambaye siku ya fainali alivaa jezi yenye uso wa mtia nia na kuongoza nyimbo. Ninataka nimjibu hapa kwa kirefu, kwa kuwa ofisini hakunipa nafasi.

Siasa na mpira wa nyanda hizi havikuchanganywa na mimi. Uwanja wa Sokoine, ambako Mbeya City na Tanzania Prisons wanacheza, unamilikiwa na Chama Cha Mapinduzi, kama ilivyo kwa Samora pale Iringa na Majimaji kule Songea. Viwanja vya aina hiyo ni vya enzi ya chama kimoja, na wazee wetu wanakumbuka michango na nguvu za wananchi wakati ambapo chama na nchi vilikuwa kitu kimoja. Mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, viwanja vikabaki mikononi mwa chama. Unaweza kuliunga mkono jambo hilo au kulipinga, lakini huwezi kulieleza bila kutaja siasa. Mbeya City yenyewe ilianzishwa mwaka 2011 chini ya Halmashauri ya Jiji, Prisons ni ya Jeshi la Magereza, na mashabiki tulioshuka daraja na Wagonga Nyundo, yaani hiyo Mbeya City, mwaka 2023 na kurejea nao mwaka 2025 tunajua kwamba hatima ya timu huamuliwa kwenye vikao ambavyo sisi hatumo.

Wa Mbarali wanalijua hili kuliko mimi. Tarehe 29 Novemba 2022 timu yao, Ihefu, iliifunga Yanga mabao 2-1 pale Highland Estates, ikakata mfululizo wa mechi 49 za ligi ambazo Yanga haikuwa imepoteza. Siku ile tulisikilizia redioni bwenini, nilikuwa kidato cha sita, na hata mashabiki wa Yanga miongoni mwetu walikiri kwamba kitu kikubwa kimetokea kwenye mashamba ya mpunga. Mwaka 2024 timu ikahamishiwa Singida, na leo inaitwa Singida Black Stars. Kijana wa Ubaruku aliyekuwa akitembea kwa miguu kwenda kuiangalia Ligi Kuu hakuulizwa. Baba yangu, ambaye alikuwa kijana Tukuyu Stars ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, hunisimulia namna Rungwe nzima ilivyoihesabu timu ile kuwa mali yake. Mimi nimekulia katika zama ambazo timu inaweza kuondoka nyumbani kwake kama gari lililouzwa, nami sitaki kuzizoea.

Turudi chuoni, maana huko ndiko kwenye kidonda changu. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 inakataza chama kuanzisha tawi mahali pa kazi, shuleni au chuoni. Ninavyoielewa mimi ambaye si mwanasheria, nia yake ni kumwacha mwanafunzi asome bila kuandikishwa kwenye ushabiki wa chama mahali ambapo hawezi kukataa. Je, mchezaji aliyeambiwa kwamba asipovaa uso wa mtia nia hatacheza fainali alikuwa na uwezo wa kukataa? Mimi sipingi mwanafunzi kuwa mwanasiasa. Wenzangu wawili niliopanga nao wana kadi za vyama tofauti, tunabishana mpaka usiku wa manane, na kesho yake tunakula sufuria moja. Hayo ni mawazo yao wenyewe, waliyoyachagua kwa miguu yao. Jezi ile hatukuichagua.

Serikali ya wanafunzi iliponiita, sikuulizwa hata mara moja juu ya shilingi 10,000. Niliulizwa ninatumwa na nani. Mmoja alinishauri, kwa sauti ya kunitakia mema, kwamba nimebakiza mwaka mmoja nimalize, niangalie cheti changu. Katika ofisi ya mshauri wa wanafunzi nilielezwa kwamba fedha za michezo zilitumika kugharamia safari ya mashindano ya vyuo. Nikaomba kuona orodha ya waliosafiri, kwa sababu mimi ni nahodha wa timu ya kitivo na sijui mchezaji hata mmoja aliyepanda gari. Nikaambiwa mhasibu hayupo. Nimekwenda mara tano, na mara zote tano mhasibu hakuwapo.

Najua wapo watakaosema humu kwamba tungeshukuru hata kwa jezi na mipira minne. Kwa taarifa yenu, mipira miwili kati ya hiyo ilipasuka kabla ya Agosti na miwili imefungiwa kwenye stoo ambayo ufunguo wake anao waziri wa michezo. Wapo pia watakaosema kwamba kila chuo kiko hivyo. Kama ni kweli, basi wenye stakabadhi kutoka Iringa, Njombe na Songea waziweke hapa, tuone mstari huo wa michezo unasomeka shilingi ngapi na uwanja wao una nini.

Ninachodai ni matumizi ya ada ya michezo ya miaka mitatu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo, shimo lijazwe kifusi na kushindiliwa kabla ya kombe la mwaka huu, na mwenzetu arudishiwe gharama za matibabu ambazo zilitoka mifukoni mwetu wakati alikwisha kulipia bima. Barua ya kwanza ya madai haya ilipotea. Ya pili walikataa kuigonga muhuri. Ya tatu niliipeleka Jumatatu hii nikiwa na manahodha wa vitivo vinne, tukasimama dirishani hadi ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na kila nahodha ameondoka na nakala yake.