Nimeng'oa pedi (vipande vya shaba vya kuchomea miguu) za transista kwenye bodi ya amplifaya, inatengenezeka?

DJ wa Ngamiani: Wakuu habari za jioni. Amplifaya yangu ya kupigia harusi ilikufa chaneli ya kulia. Nikapima, transista kubwa mbili za kusukuma spika, C5200 na A1943, zote zimeshoti. Nikanunua jozi mpya, nikaanza kutoa zile za zamani, na hapo ndipo nilipoharibu. Nilikuwa na haraka, napasha huku navuta na koleo. C5200 ikatoka na vipande viwili vya shaba vimening'inia miguuni kama magamba ya samaki, cha mguu wa besi na cha mguu wa emita (mguu wa tatu ni kolekta). Njia ya emita nayo imekatika kama milimita 4. Bodi ni ile ya kahawia. Nibandike kwa supaglu? Jumamosi nina shughuli.

Kibatari: Supaglu usiguse. Ikipata moto inatoa moshi wa kuwasha macho, na pedi itang'oka tena palepale.

Mzee wa Risasi: Pole kijana, bodi haijafa. Ile ya kahawia ni karatasi iliyoshindiliwa na gundi, haivumilii moto kama ya kijani. Ukivuta mguu kabla risasi ya kuchomelea haijayeyuka, shaba inakuja nayo. Siku nyingine kata miguu yote mitatu kwanza, toa mwili wa transista, kisha upashe kisiki kimoja kimoja.

Sasa, chomoa umeme na umalize chaji ya kapasita kubwa kwa rezista ya omu 100, wati 5. Usishotishe kwa bisibisi. Hayo magamba yakate utupe. Kutoka kwenye tundu la besi fuata njia ya shaba, kwangua rangi ya juu kwa wembe mpaka ing'ae kama milimita 5, paka fluksi (dawa ya kusaidia risasi ishike), weka risasi kidogo. Mguu ukifika, ulaze juu ya njia uchome. Usipofika, unga kwa waya mwembamba, mfupi kadiri inavyowezekana.

Emita ni habari nyingine. Pale zinapita ampea kadhaa, usinitilie uzi wa waya wa simu. Chukua waya wa nyumba wa milimita mraba 1.5, uvue, utoke nao mguu wa emita hadi mguu wa rezista ya omu 0.22. Shaba ya bodi usiitegemee tena.

Mtu Kati: Mnamchosha bure. Anunue bodi nyingine.

Mzee wa Risasi: Na hiyo nyingine itaingia kwenye matundu yale yale ya skrubu?

Binti Solda: Shikamoo mzee. Naongezea: transista ifungwe kwenye bati la kupoza kwanza, miguu ichomwe baadaye. Ukianza na miguu, siku ya kukaza skrubu unang'oa pedi zilizobaki. Karatasi ya maika, ile ya kuzuia umeme usipite kwenye bati, usiisahau, mgongo wa transista ni kolekta. Halafu pima zile 0.22 na transista ndogo zinazosukuma hizi kubwa, maana hizi hazifi peke yake. Ukiwasha, pitisha umeme kwenye balbu ya utambi ya wati 100 iliyofungwa mfululizo, bila spika. Ikiwaka ikafifia, endelea. Ikibaki inang'aa, zima, bado kuna shoti.

DJ wa Ngamiani: Mrejesho wakuu. Rezista moja ya 0.22 ilikuwa imekatika ndani na nje haina hata doa! Nimebadilisha. Balbu iliwaka ikafifia. Kwenye tundu la spika napata milivolti 31 za DC (umeme wa mwelekeo mmoja). Nimepiga muziki nusu saa, sauti safi, ila bati la kulia lina moto kuliko la kushoto hata nikishusha sauti yote. Picha hiyo hapo.

Binti Solda: Milivolti 31 ni sawa, ikipita 100 ndiyo uwe na wasiwasi.

Mzee wa Risasi: Nimeiona picha. Waya wa besi umeuacha mrefu kama kamba ya kuanikia nguo, transista inatetema kwa masafa usiyoyasikia, ndiyo maana inachemka. Ufupishe kabla ya Jumamosi.

DJ wa Ngamiani: Nimeukata, umebaki sentimita 2. Mabati yote mawili sasa ni vuguvugu. Shikamoo mzee.