Naomba ushauri: nyeupe inageuka bluu kwenye ngozi, picha ya msanii kwa brashi ya hewa

Habari wakuu. Kazi ni sura ya mwanamuziki maarufu, karatasi nzito ya A3, brashi ya hewa (kifaa kinachopuliza rangi kwa hewa) yenye mdomo wa milimita 0.3. Rangi ni akriliki inayopitisha mwanga, imezimuliwa 1 kwa 1, presha ya hewa psi 20. Vivuli vya shavu na shingo vimekaa sawa.

Shida ni mng'ao wa paji la uso na ncha ya pua. Nyeupe ikipulizwa juu ya kahawia inatoka kama majivu yenye ubluu, uso unafanana na wa maiti. Sababu inajulikana: tabaka jembamba la nyeupe hutawanya mwanga wa bluu kuliko mwekundu. Tone 1 la chungwa kwa matone 10 ya nyeupe linapunguza ubluu, ila mng'ao nao unafifia. Kupitisha manjano nyepesi juu yake kunasaidia, lakini ukizidisha kidogo tu, ngozi inakuwa kama ya homa ya manjano.

Je, niache nyeupe kabisa, nikwangue mng'ao kwa wembe na kifutio cha umeme? Nahofia nyuzi za karatasi zitainuka, rangi inayofuata isambae. Au niskani kwa dpi 600 na mng'ao niuweke kwenye kompyuta, kwenye leya (tabaka la picha) ya peke yake? Hapo mteja anayetaka picha halisi ya mkono anakosa.

Pia, sindano ya ndani ya brashi inakauka ncha kila baada ya dakika chache, hasa kwa nyeupe. Mnatumia matone mangapi ya kichelewesha ukaukaji?