Fundi wa mashine toka India anakuja wiki tatu tu, aingie na viza gani?

Mkamuaji SGD
Wakuu habari za jioni. Tumenunua mashine ya kukamua alizeti kutoka Rajkot India, kontena limeshatoka bandarini liko njiani kuja Singida. Kwenye mkataba aliyetuuzia anamtuma fundi wake aje aifunge, aiwashe na awafundishe vijana wetu kuiendesha, asipokuja yeye waranti hakuna. Kazi yenyewe wiki tatu, ikizidi sana mwezi. Sasa wale jamaa wanasema fundi wao huwa anaingia na viza ya kawaida ya dola 50, anapiga kazi anaondoka zake, na wakala mmoja hapa mjini anasema lazima kibali cha kazi na ukaazi daraja B na anataka hela ndefu. Ukweli uko wapi? Mbegu zimeanza kuingia, mashine ikilala kwenye makasha hasara ni yangu.

Kobe Mtulivu
Mkuu unajitesa bure, mlete na hiyo ya 50. Wiki tatu nani atamjua huko Singida 😂

mama makaratasi
Usimsikilize Kobe. Viza ya kawaida ni ya kutembea, likizo, kusalimia ndugu, matibabu, sio ya kushika spana. Kuna kiwanda kimoja walifanya hivyohivyo, uhamiaji walipopita kukagua wakamkuta jamaa kalala chini ya giaboksi, ovaroli limelowa oili, kitambulisho cha kiwanda shingoni, wanamuuliza umekuja kufanya nini Tanzania anajibu safari, Serengeti. Unacheka lakini mwenye kiwanda hakucheka, maana kosa halimuangukii mgeni peke yake, na wewe uliyempa kazi umo.

Na huyo wakala wako nae anakupiga. Daraja B ni ya mtu aliyeajiriwa anayekuja kukaa, kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, cha ukaazi uhamiaji, ukijumlisha ada zote mbili unavuka dola elfu mbili, kwa fundi wa wiki tatu ya nini?

Mwombee Viza ya Biashara. Dola 250, inampa mpaka siku 90, na uhamiaji wenyewe wameitaja kwa watu kama huyo wako, anayekuja kutengeneza mashine, kutoa mafunzo mafupi ya kitaalamu, kukagua mahesabu. Wakongwe watakwambia katafute CTA, ile ruhusa ya kazi za muda mfupi, hiyo ni habari ya zamani.

Inaombwa mtandaoni kwenye tovuti ya uhamiaji na analipia hukohuko kwa kadi, angalia anwani iishie na .go.tz kwa sababu zipo tovuti kibao zimepambwa na nembo na twiga zinakula hela za watu. Andaa pasi yenye uhai wa miezi 6 kwenda mbele, tiketi ya kurudi, mkataba wa mashine, usajili wa kampuni yenu wa BRELA, leseni ya biashara, TIN, na barua ya mwaliko. Barua ndo watu wanaharibu, wanaandika "anakuja kwa shughuli za kikazi" basi. Andika mashine gani, imenunuliwa wapi, anakuja kufunga nini na kumfundisha nani, tarehe ya kuingia na kutoka, analala wapi na nani anamlipa. Kama mshahara wake unatoka kwa mwajiri wake India, iseme hiyo waziwazi, afisa akisoma aone huyu mtu sio mwajiriwa wenu.

Hesabu Kali
Nyongeza ndogo, watu wa viwanda mnaisahau hii halafu mnalia TRA wakija. Kama kwenye invoisi kuna gharama ya ufungaji na mafunzo imetajwa pembeni na bei ya mashine, hayo ni malipo ya huduma kwa asiye mkazi, unatakiwa ukate kodi ya zuio asilimia 15, yaani unaiondoa kwenye malipo yao unaipeleka TRA. Elewana nao mapema nani anaibeba, maana Mhindi hatakubali kupokea pungufu dakika ya mwisho na fundi yuko uwanja wa ndege.

Njoro wa 254
Huku Kenya kazi fupi kama hiyo ni special pass, kibali maalumu cha muda mfupi, kampuni ndio inaomba. Ile eTA, idhini ya mtandaoni ya kuingilia, haikupi ruhusa ya kufanya kazi hata siku moja. Na nyinyi mafundi wenzangu wa huku mnaovuka Namanga, eti sisi ni EAC, hatulipi viza, sawa, lakini ule muhuri wa mgeni si ruhusa ya kazi, wasiwadanganye.

Mkamuaji SGD
Dah asanteni sana, hasa mama makaratasi. Maswali mawili, kuna kijana wa umeme wa paneli anakuja nae, naweza kuwaweka kwenye ombi moja? Na kama kuna kipuri kitakosekana akaenda India kukichukua akarudi inakuwaje?

mama makaratasi
Kila mtu na ombi lake na 250 yake, barua inaweza kuwa moja ila majina na namba za pasi zote ziwemo. Kuhusu kutoka na kurudi, hiyo viza hesabu ni ya kuingia mara moja, kwa hiyo kipuri kije kwa DHL fundi abaki. Usipange kazi ya kujaza siku 90 pia, ukiona dalili itapitiliza anza mambo ya vibali mapema yeye akiwa bado ana siku mkononi.

Kobe Mtulivu
Haya nimeshindwa 🙌 ila mkuu waulize wanapita wapi. Wakiunganisha ndege Addis wakakaa zaidi ya masaa 12 wataulizwa kadi ya homa ya manjano wakitua Dar, wachanje hukohuko kwao.

Mkamuaji SGD
Wanapita Addis kweli. Ngoja nimpigie sasa hivi, kule bado hawajalala.