Tiketi iliyolala miezi sita: tuifute au tuitunze?

Mleta mada: Wakuu, baklogi yetu, yaani orodha ya kazi za mfumo zinazosubiri, imefika tiketi 612, kila tiketi ni ombi moja la kazi. Juzi nimekutana na moja iliyofunguliwa na mtu aliyeacha kazi kitambo: "Rekebisha kile kitufe." Basi. Kitufe kipi, ukurasa upi, hakusema. Na kila Jumatatu tunakaa saa mbili nzima tukizipitia hizo. Kwa wiki tunamaliza sita hivi. Piga hesabu: ni wiki 102, karibu miaka miwili, na hapo hatujapokea mpya hata moja. Ambaye tiketi yake iko mkiani tunamdanganya ya nini? Mimi nasema iliyokaa miezi sita bila kuguswa ifutwe. Kama ni ya maana, mwenyewe atairudisha.

Mchangiaji wa kwanza: Nakupinga, mkuu. Kwetu kulikuwa na tiketi ya miezi tisa: taarifa ya malipo ya simu ikiingia mara mbili, mfumo unamwekea mteja salio mara mbili. Hakuna aliyeipigia kelele. Nani alalamike kwa kuzidishiwa pesa? Aliyeigundua ni mhasibu, akifunga hesabu za mwezi, na siku hiyo hakuna aliyekula chakula cha mchana. Umri wa tiketi hausemi kitu. Don Reinertsen, mwandishi wa vitabu vya uundaji wa bidhaa, anafundisha hivi: angalia kila siku ya kuchelewa inakula kiasi gani, gawa kwa muda ambao kazi itachukua, inayotoa namba kubwa itangulie. Kwa hesabu hiyo ile yetu ingekuwa juu kabisa, maana dawa yake ilikuwa kazi ya siku moja.

Mchangiaji wa pili: Nyote mnazunguka mbuyu. Mwongozo wa Scrum (mtindo wa timu kufanya kazi kwa vipindi vifupi) wa waasisi wake Schwaber na Sutherland, toleo la 2020, unasema mwenye bidhaa, yaani anayeamua kipi kitangulie, ni mtu mmoja, si kamati. Kwetu tiketi ya masoko ni namba moja, ya mkurugenzi namba moja, ya fedha nayo namba moja. Futeni mnavyotaka, zitajaa tena.

Mleta mada: Hilo la kamati limenigusa, sisi tuna mabosi wanne. Na za pesa na usalama nakubali, zisifutwe, ila kwenye zile 612 sidhani kama zinafika ishirini. "Kile kitufe" naifuta leo saa kumi na moja jioni. Anayekijua ajitokeze.