Jumatatu naondoka na semi kwenda Lubumbashi, mara ya kwanza bila mzee wangu

tingo_mstaafu:
Shikamooni wakongwe, na wengine habari za saa hizi.

Nimekuwa utingo miaka minne njia ya Tunduma, gari moja, dereva mmoja, mzee wa Kipare asiyeongea mpaka tupite Chalinze. Leseni ya daraja E nimepata mwaka jana. Usukani nimeushika sana kati ya Makambako na Igawa, mzee akitaka kupumzisha mgongo. Sasa tajiri kanipa gari. Scania iliyotumika, kichwa ekseli tatu, tela ekseli tatu. Napakia mbolea bandarini, kurudi shaba. Utingo sina, tajiri anasema gharama.

Naomba mnisaidie mambo matatu. Mlima wa Kitonga nitaupandaje na mzigo kamili? Mizani nisikwame wapi? Na posho nimepewa yote mkononi, mnaifanyaje ifike mwisho wa safari? Mke wangu anafurahi, mimi usiku wa tatu huu silali.

jiko_la_tela:
Hongera dogo. Posho inaliwa hotelini. Nunua mtungi mdogo wa gesi, unga na dagaa, sanduku la chakula lipo ubavuni mwa tela, pika. Pesa ya kurudia itenge leo, kabla hujaiona ni nyingi. Foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, haina adabu, unaweza kulala hapo siku ambazo hukuzipangia hata chumvi.

Halafu ukishavuka tu Kasumbalesa wanaendesha kulia. Usukani wako unakuwa upande wa majani, mbele ya lori lingine huoni kitu. Usimpite mtu huko, fuata tu.

babu_wa_mteremko:
Marahaba kijana.

Umeuliza Kitonga ya kupanda. Hiyo unaijua, umeipanda miaka minne ukiwa umekaa kushoto. Ingia na gia ndogo tangu chini, tulia, wenye haraka wapite kwa macho yao. Usimpe mtu indiketa ya kumwita apite. Akikutana na basi konani, ni wewe uliyemwita.

Kitonga yako wewe ni ya kurudi. Mbolea imejaa tela, ukitazama kioo unaiona. Shaba haionekani. Vibunda vimekaa chini kama mikeka, tela kama tupu, na mwili unasahau kwamba mgongoni una tani thelathini. Mimi 2009 nilisahau. Nimetoka Ilula jioni, nina haraka ya kulala Mikumi, sikusimama juu. Nikaanza kushuka na gia kubwa, nikaona inakimbia, nikataka kupunguza. Gia ikatoka, nyingine ikakataa kuingia. Gari nyutro, kona mbele, bonde kulia. Nikakanyaga breki, nikaachia, nikakanyaga tena, mshale wa upepo wa breki unashuka nauona. Kisha ikaja harufu. Breki ikiungua inanuka kama pembe ya ng'ombe iliyoangukia motoni, ukiinusa siku moja hutaisahau. Nikakanyaga mafuta, nikalazimisha, gia ikaingia kwa mlio ambao utingo wangu alidhani ni injini imepasuka.

Tulisimama Ruaha Mbuyuni, moshi unatoka kwenye magurudumu. Utingo anakimbilia ndoo ya maji, nikamzuia, maana ngoma ya moto ukiimwagia maji inapasuka. Mama mmoja wa vitunguu akaja, akanusa, akasema, "Baba, leo ulikuwa unapikwa." Nikanunua kiroba kizima na nyumbani kilikuwepo kingine.

Kwa hiyo: simama juu. Zima, shuka, toa maji kwenye matenki ya upepo, ingia chini uangalie breki kila gurudumu, hasa za tela. Gia ambayo ungepandia mlima ule, na mzigo ule, ndiyo ya kushukia, na uiingize ukiwa bado tambarare. Breki ya injini iwe inafanya kazi. Ya mguu ni ya kugusa tu.

Mizani. Watu watakuambia mwisho ni tani 56, gari na mzigo. Hiyo ni ya ekseli saba. Wewe una sita: 8 ya mbele, 18 za nyuma ya kichwa, 24 za tela, jumla 50. Unaweza kuwa na jumla safi na ekseli zimezidi, ukalala hapo hapo. Ndiyo maana siku ya kupakia shaba usikae kibandani unakunywa chai. Simama uone kila kibunda kimekaa juu ya ekseli ipi. Namba ya sili iliyofungia mzigo isome mwenyewe, ilinganishe na karatasi, ndipo usaini.

mwambao_malaba:
Mimi niko upande wa huku, Mombasa hadi Malaba. Naongeza moja tu. Kwenye mteremko wa Salgaa, kwetu Kenya, watu wameisha kwa kuachilia lori iteremke nyutro ili kubania dizeli, mpaka ikawekwa ukuta wa zege katikati ya barabara. Tajiri akikupimia mafuta kwa lita utashawishika, na mwenzako wa kambini atakufundisha bure. Mwache na lita zake.

tingo_mstaafu:
Nashukuruni sana. Babu, tajiri anasema breki za tela zilifungwa mpya mwezi uliopita.

babu_wa_mteremko:
Zilifungwa na nani? Ulikuwepo?

tingo_mstaafu:
Sikuwepo. Gari nimekabidhiwa juzi, ufunguo na makaratasi.

babu_wa_mteremko:
Haya.

tingo_mstaafu:
Nimerudi wakuu. Leo Jumapili nimeingia chini na fundi wangu wa mtaani. Magurudumu manne ya tela kweli mapya. Mawili ya nyuma kabisa breki imebaki bati. Fundi nimemlipa kwenye posho, dagaa nimepunguza. Tajiri nitampigia nikiwa Morogoro, nikimwambia sasa hivi atampa gari mtu mwingine.

jiko_la_tela:
Piga baada ya Mikumi. Morogoro bado karibu.