Tupeane uzoefu: simu ya mezani isiyo na waya, inakoroma, inakatika, inaunguza chaja

Wa Mkunazini
Assalaam alaykum. Simu hizi jamaa zetu wanatuletea kutoka nje, tunazichomeka, kisha lawama tunaipa laini. Wenye ujuzi waeleze kwa vipimo, tafadhali.

Fundi Chake
Waalaykum salaam. Kabla ya kuchomeka, geuza kitako, yaani kile kituo cha simu kinachochomekwa umeme na laini, usome kibandiko. Simu ya Ulaya ya DECT (mfumo wa simu za mezani zisizo na waya) hutumia masafa ya 1880 hadi 1900 MHz. Ya Marekani, iliyoandikwa DECT 6.0, hutumia 1920 hadi 1930, na papo hapo ndipo simu za mkononi za 3G zinapopelekea mawimbi mnarani. Ukiiwasha huku unawavurugia wengine, nao wanakuvurugia wewe. Zile za zamani za 900 MHz hugongana na GSM, mtandao wa simu za mkononi wa 2G. Chaja ya Marekani nayo, ikiwa imeandikwa 120V tu, itaungua kwenye umeme wetu wa volti 230. Iliyoandikwa 100–240V haina neno.

Bi Wete
Nyongeza, kaka yangu: transfoma ya kushusha umeme inaokoa chaja tu, masafa yanabaki yale yale. Simu ya Marekani usiichukue hata ukipewa bure.

Wa Mkunazini
Na wa Mji Mkongwe je? Chumba cha pili tu sauti inakatika.

Fundi Chake
Mita 300 zilizoandikwa kwenye boksi ni za uwanja mtupu. Ndani huandikwa 50, na hapo hawakuhesabu kuta nene za mawe na chokaa. Kitako usikifiche nyuma ya friji wala kabati la chuma. Kiweke katikati ya nyumba, juu ya rafu, kikiangalia mlango au ngazi, mawimbi yapite penye uwazi. Kiwe mbali na ruta na televisheni angalau mita moja.

Ikiwa ni simu ya 2.4 GHz, inagombea masafa na Wi-Fi na maikrowevu. Maikrowevu ikiwaka, sauti inakwaruza. Badilisha chaneli ya simu, au ipeleke ruta kwenye chaneli 1 au 11 usikilize ipi inatulia.

Lakini kwanza jaribu hivi: chomoa kitako, chomeka simu ya kawaida yenye waya kwenye soketi ile ile. Ikikoroma nayo, kosa liko kwenye laini au soketi, mawimbi hayahusiki. Penye ADSL, yaani intaneti inayopita kwenye waya wa simu, kila simu iwe na kichujio chake. Bila hicho utasikia mvumo usiokwisha.

Bi Wete
Betri ndizo zinazoleta hatari hasa. Simu nyingi hutumia mbili za AAA aina ya NiMH, zile za kuchajiwa, volti 1.2. Ukitia za alkalaini za tochi, volti 1.5, kitako kitajaribu kuzichaji, zivuje au zipasuke. Mara ya kwanza acha zichaji saa 16. Zikishaanza kuisha baada ya dakika chache za mazungumzo, badilisha zote mbili pamoja. Hewa yetu ya chumvi huota kutu ya kijani kwenye vichuma vya kuchajia. Zima umeme, sugua kwa pamba yenye spiriti, acha pakauke.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo aweke simu umbali wa angalau sentimita 15 kutoka kifuani, asiitie mfukoni mwa shati, na asikilize kwa sikio la upande usio na kifaa hicho.

Wa Mkunazini
Na radi za masika?

Fundi Chake
Chomoa vyote viwili, adapta na waya wa laini, mawingu yakianza kukusanyika. Watu huchomoa umeme wakasahau waya wa simu, na radi huja kwa huo huo.

Umeme ukikatika kitako kinakufa. Wenye laini ya waya wa shaba waweke pia simu moja ya waya, kwani hiyo hupata umeme wake kutoka laini yenyewe. Iweke pahala ambapo mzee anaifikia gizani, na 112, namba ya dharura, iandikwe kwa herufi kubwa pembeni yake.